Fila ya kudumu hudumu pamoja na madhara yake

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanawake wa rika langu, na siku hizi na wanaume pia, ni kama fila ya kudumu ni salama kuliko ile ya muda, fila ikiwa ni kitu kinachodungwa chini ya ngozi ili kujaza mikunjo, mashavu au midomo. Anayeuliza huwa amekwisha kupiga hesabu zake: fila ya muda italazimika kurudiwa kila baada ya miezi kadhaa, na kila mara kuna maumivu, michubuko na gharama, ilhali ile ya kudumu huchomwa mara moja au mbili mambo yakaisha. Hesabu hiyo inaeleweka, lakini imeacha jambo moja nje. Kitu kitakachokaa usoni maisha yote ni lazima kiwe kimewekwa sawasawa tangu siku ya kwanza, kisha kipatane na mwili kwa miaka yote itakayofuata, na tena kipatane na uso ambao hautabaki kama ulivyo leo. Kwa mtu anayetafuta urembo tu, msimamo wangu ni kwamba fila ya muda, hasa ile ambayo daktari anaweza kuiyeyusha, ndiyo yenye usalama zaidi. Sisemi kwamba haina hatari. Inazo, na nyingine ni kubwa mno, nami nitazieleza bila kuficha.

Mimi si daktari. Nimelifuatilia suala hili kwa miaka mingi kwa sababu limeigusa familia yangu, na nimesoma kila nilichoweza kukielewa pamoja na kuwauliza madaktari wa ngozi waliokubali kunijibu kwa subira.

Tuanze na kilichomo ndani ya bomba la sindano, kwa maana hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Fila inayotumika zaidi leo hutengenezwa kwa asidi ya hialuroniki, ambayo hata mwili wenyewe huitengeneza na kuitumia kwenye ngozi, kwenye viungo na ndani ya jicho. Kazi yake kubwa ni kushika maji. Ile ya asili haikai sana: kwenye ngozi huvunjwa na kutengenezwa upya ndani ya siku chache, kwa hiyo kama ingechomwa hivyo hivyo isingemfaa mtu kitu. Watengenezaji huziunganisha nyuzi zake kwa kemikali ili ziwe jeli, na jeli hiyo huchukua muda mrefu kuvunjika. Kwa kawaida matokeo yake huonekana kwa miezi 6 hadi 18, kutegemea aina ya jeli na mahali ilipowekwa. Fila ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilikuwa Restylane, mwezi Desemba 2003. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1981, iliyotawala ilikuwa kolajeni ya ng'ombe, yaani protini inayoipa ngozi uimara, ambayo ilimlazimu daktari kumpima mtu mzio wa ngozi kwanza, nayo yote ilinywea ndani ya miezi michache.

Sifa ya asidi ya hialuroniki ninayoithamini kuliko zote ni kwamba ina kiyeyushi chake. Kipo kimeng'enya kiitwacho hialuronidazi ambacho, kikidungwa mahali penye jeli, huivunja ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Midomo ikiwa imezidi, uvimbe ukitokea chini ya macho, au mshipa wa damu ukizibwa, daktari ana kitu cha kufanya hapo hapo. Hialuronidazi nayo ina tahadhari zake, kwa sababu watu wachache hupata mzio nayo na mzio huo unaweza kuwa mkali. Lakini kuwapo kwake kunaibadilisha kabisa hali ya mgonjwa na daktari pale jambo linapoharibika.

Hapa naomba msomaji awe makini, kwa sababu si kila fila ya muda inayeyushwa. Zipo mbili zinazojulikana sana ambazo huisha zenyewe lakini hazina kiyeyushi. Moja ni ya chembechembe za haidroksiapataiti ya kalisi, madini yanayofanana na yale ya mifupa, inayouzwa kwa jina la Radiesse na iliyoidhinishwa na FDA mwaka 2006. Matokeo yake hukaa kama mwaka mmoja au zaidi kidogo. Nyingine ni ya asidi ya polilaktiki, ambayo jina lake sokoni ni Sculptra na iliidhinishwa mwaka 2004 kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliopoteza mafuta ya mashavuni. Hiyo haijazi papo hapo. Huuchochea mwili utengeneze kolajeni yake yenyewe taratibu, na matokeo yanaweza kupita miaka miwili. Zote mbili ni za muda, lakini zikileta kinundu au zikiziba mshipa, hialuronidazi haina kazi kwao. Mtu akikwambia "hii ni ya muda, usiwe na wasiwasi," swali la pili liwe: je, inayeyushwa?

Sasa zile za kudumu. Iliyo na kibali cha FDA kwa makunyanzi ya uso ni moja tu ya aina yake: chembe ndogo za duara za plastiki iitwayo polimethili methakrilati, kwa kifupi PMMA, ambayo pia hutumika katika saruji ya kushikilia viungo bandia vya mifupa. Iliidhinishwa mwaka 2006 kwa jina la ArteFill, na baadaye jina likawa Bellafill. Ndani ya sindano, asilimia 20 ni chembe hizo na asilimia 80 ni jeli ya kolajeni ya ng'ombe iliyochanganywa na dawa ya ganzi, na ndiyo maana kipimo cha mzio wa ngozi kinahitajika kabla ya kuanza. Kolajeni huisha ndani ya miezi michache. Plastiki hubaki, na mwili huizungushia kolajeni mpya kila chembe, hata eneo lote likawa limejaa tishu mpya.

Ukubwa wa chembe hizo una maana kubwa. Katika bidhaa hiyo zina kipenyo cha mikrometa 30 hadi 50 (mikrometa ni sehemu ya elfu moja ya milimita), nao ulichaguliwa makusudi: seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vitu vigeni haziwezi kumeza kitu kikubwa kiasi hicho, na pia ni vigumu chembe hizo kuhama. Matoleo ya awali yalikuwa na chembe ndogo zaidi zilizochanganyika humo, na yalileta vinundu vya uvimbe zaidi. Ninalieleza hili ili niwatendee haki watengenezaji, kwa sababu bidhaa hii ilifanyiwa kazi na kuboreshwa. Hata hivyo kibali chake kina mipaka: kilitolewa kwa ajili ya mikunjo inayotoka puani hadi kwenye pembe za mdomo, na mwaka 2014 kikaongezwa kwa makovu ya chunusi mashavuni, tena kwa watu waliozidi miaka 21. Midomo haimo katika kibali hicho. Makalio na matiti hayamo kabisa.

Nje ya bidhaa hiyo yapo mambo mengine yaliyoitwa fila za kudumu, na historia yake inatisha. Mwaka 1899, mjini Vienna, daktari Robert Gersuny alimdunga jeli ya petroli kijana aliyeondolewa korodani kwa sababu ya kifua kikuu, ili umbile lake lirudi. Matokeo ya mwanzo yalipendeza, na madaktari wengine wakaanza kutumia parafini kunyanyua pua na kufuta mikunjo. Miaka ikapita, vikaanza kuonekana vinundu vigumu, vidonda visivyopona, parafini iliyohama kutoka ilipowekwa, na watu waliopofuka baada ya mshipa kuzibwa. Aliyejulikana sana kati ya waathirika ni Gladys Deacon, mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri na baadaye akaolewa na Duke wa Marlborough wa Uingereza: alidungwa parafini kwenye daraja la pua akiwa bado kijana, nayo ikateremka na kuuharibu uso wake.

Baada ya parafini ikaja silikoni ya majimaji. Katika miaka ya 1960 ilidungwa kwa wingi matitini, hasa kwa wanawake wa burudani mjini Las Vegas, na madhara yalikuwa makubwa kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1970 jimbo la Nevada liliifanya kazi hiyo kuwa kosa la jinai. FDA imeidhinisha mafuta ya silikoni kwa matumizi ndani ya jicho, katika matibabu ya retina iliyobanduka, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, lakini haijaiidhinisha kwa kujaza uso wala mwili, na mwezi Novemba 2017 ilitoa onyo rasmi dhidi ya kuidunga ili kukuza makalio, matiti au mapaja. Sababu ni nzito: ikidungwa kwa wingi huhama, na ikiingia kwenye mishipa ya damu hufika mapafuni au kwenye ubongo na inaweza kuua. Ipo pia jeli ya poliakrilamidi, ambayo sehemu yake kubwa mno ni maji, iliyodungwa matitini na usoni kwa maelfu ya watu. China iliipiga marufuku mwaka 2006 baada ya malalamiko ya maambukizi, maumivu na jeli kuhama.

Ukizitazama kwa pamoja, parafini, silikoni na poliakrilamidi zina mwenendo unaofanana. Kila moja ilisifiwa katika miaka yake ya mwanzo, na sifa hizo zilikuwa za kweli kwa wakati huo, kwa sababu madhara makubwa ya kitu cha kudumu hayaji haraka. Huja mtu akiwa amekwisha kusahau.

Nimeliona hili kwa macho yangu kwa shangazi yangu. Alidungwa alipokuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, kwenye mikunjo ya kandokando ya mdomo, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua isipokuwa aliyeambiwa. Ngozi ilikuwa laini, na uso ulikuwa wake. Kisha, baada ya homa kali iliyomlaza kitandani, upande wa kushoto ukaanza kuwa mwekundu na mgumu. Aliniita akaniambia, "Mwanangu, hebu nishike hapa." Niliposhika nilihisi kitu kama uzi mnene umelala chini ya ngozi, na ndani yake vinundu vitatu, kimoja cha ukubwa wa punje ya dengu, vinavyosogea pamoja na ngozi na visivyosogea peke yake. Akitabasamu, upande ule ulibaki nyuma.

Tulipofika kwa daktari wa ngozi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, ulidungwa dawa gani?" Shangazi akajibu kwa adabu, "Daktari, waliniambia ni ya kudumu." Hilo tu ndilo alilolijua. Hakupewa karatasi, hakupewa kibandiko cha chupa, na mahali pale pa kudungia palikuwa pamefungwa siku nyingi. Daktari alilazimika kumfanyia ultrasaundi ya uso na kukata kipande kidogo cha kinundu ili kipimwe chini ya hadubini, kwa sababu matibabu ya silikoni, ya PMMA na ya poliakrilamidi hayafanani. Ilikuwa PMMA. Amechomwa sindano za steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, ndani ya vinundu mara kadhaa. Vimepungua, ngozi juu yake imekuwa nyembamba kidogo na kuingia ndani, na daktari amesema wazi kwamba kuviondoa vyote kwa kisu kungeacha kovu baya kuliko vinundu vyenyewe, kwa kuwa chembe zimetawanyika ndani ya tishu na hazitoki zote.

Kinundu cha namna hii madaktari hukiita granuloma. Ni jitihada ya kinga ya mwili kukizingira kitu ambacho imeshindwa kukimeza wala kukivunja. Kinaweza kutokea miezi kadhaa baada ya sindano, au baada ya miaka kumi na zaidi, na mara nyingine huamshwa na maambukizi mengine mwilini, kama mafua makali, jino bovu au upasuaji. Kuna pia suala la bakteria wanaojenga utando mwembamba juu ya fila na kujificha humo. Hukaa kimya kwa muda mrefu, dawa za antibiotiki hazipenyi vizuri, na kipimo cha kawaida cha maabara kinaweza kutoonyesha chochote. Kwenye jeli ya poliakrilamidi hatari hii ni kubwa hasa, na kumpa mgonjwa wa namna hiyo steroidi kabla ya antibiotiki kunaweza kuyapa maambukizi nafasi ya kuenea. Fila ya muda nayo inaweza kupata utando huo na inaweza kuleta granuloma, sikatai. Tofauti ni kwamba chanzo chenyewe kinaweza kuyeyushwa au kitaisha, na kinga ikakosa kitu cha kupigana nacho.

Upo utafiti mmoja mkubwa ninaopenda kuutaja kwa sababu huwa unatajwa na pande zote mbili. Baada ya kupewa kibali, watengenezaji wa fila ya PMMA walitakiwa kuwafuatilia waliodungwa kwa miaka mitano. Watu 1,008 waliingia katika ufuatiliaji huo, na granuloma zilizothibitishwa zilikuwa kwa watu 17, yaani asilimia 1.7. Wanaoiuza husema idadi hiyo ni ndogo, nami nakubali kwamba watu wengi kati ya hao hawakupata shida. Lakini tuisome vizuri. Hao walidungwa bidhaa halisi, na madaktari waliofundishwa, katika eneo ambalo kibali kiliruhusu, na wakachaguliwa kwa kupimwa mzio kwanza. Ufuatiliaji ulikoma baada ya miaka mitano, wakati plastiki yenyewe haina mwisho. Shangazi yangu, kama angekuwa mmoja wao, angehesabiwa kuwa hana tatizo. Na kwa mmoja anayepata granuloma usoni, hakuna mlango wa kurudi alikotoka. Mimi sioni kwamba mkunjo wa kandokando ya mdomo, ambao haumuui mtu wala haumzuii kula, unastahili kuchezewa bahati ya namna hiyo.

Kuna madhara mengine ambayo hayazungumzwi sana. Watu waliodungwa PMMA au silikoni kwa kiasi kikubwa, hasa makalioni na mapajani, wanaweza kupata kalisi nyingi kupita kiasi katika damu, kwa sababu seli za granuloma zenyewe hutengeneza vitamini D iliyo hai. Kalisi ikizidi kwa muda mrefu huharibu figo. Mgonjwa anaweza kufika hospitali akilalamikia uchovu, kiu, kufunga choo na kuvurugika kwa akili, na hakuna anayefikiria sindano ya urembo aliyodungwa miaka mingi iliyopita.

Hata ikitokea kwamba hakuna uvimbe wowote, uso wenyewe haukai pale pale. Kadiri miaka inavyokwenda, mifupa ya uso hupungua hasa kuzunguka macho na taya, mafuta ya mashavuni hupungua mahali pengine na kushuka mahali pengine, ngozi hulegea. Fila ya muda iliyowekwa leo itakuwa imekwisha kabla mabadiliko hayo hayajawa makubwa, na daktari ataitazama sura iliyo mbele yake na kuamua upya. Ya kudumu hubaki na umbo lililopangwa kwa ajili ya uso wa zamani. Kilichoonekana kama shavu lililojaa vizuri katika umri wa miaka 35 kinaweza kuonekana kama donge katika umri wa miaka 60, bila mtu kuwa amekosea popote.

Sasa niseme habari ya hatari za fila ya muda, kwa sababu nimeona watu wakitoka kwenye maelezo kama haya wakidhani asidi ya hialuroniki ni sawa na losheni. Hatari kubwa kuliko zote ni sindano kuingia ndani ya mshipa wa damu, na hatari hiyo iko kwa fila zote, za muda na za kudumu, na hata kwa mafuta ya mtu mwenyewe yaliyotolewa tumboni na kudungwa usoni. Mishipa ya uso imeungana na ile inayolisha jicho. Fila ikisukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa mdogo wa pua au wa kati ya nyusi inaweza kurudi nyuma hadi kwenye ateri ya jicho, kisha ikaenda mbele na kuziba ateri ya retina. Mapitio ya taarifa za kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya visa 98 vya watu duniani walioharibikiwa macho kwa njia hiyo. Karibu nusu walikuwa wamedungwa mafuta yao wenyewe, na karibu robo asidi ya hialuroniki. Maeneo yaliyoongoza yalikuwa kati ya nyusi na pua. Retina ikikosa damu kwa takriban saa moja na nusu, uharibifu wake huwa haurekebishiki, na hata hialuronidazi imeshindwa kurudisha uwezo wa kuona kwa wengi waliofikia hapo.

Kwa ngozi, hata hivyo, kiyeyushi hicho huokoa. Mshipa wa ngozi ukizibwa, eneo huwa jeupe ghafla, mara nyingi pamoja na maumivu makali yasiyolingana na sindano, kisha hujitokeza madoadoa ya zambarau yenye sura ya wavu. Ukibonyeza, rangi hurudi polepole mno. Kwa wenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo maumivu, ubaridi wa ngozi na kasi ya rangi kurudi baada ya kubonyeza ndivyo vya kutazamwa zaidi, na kulinganisha upande mmoja na mwingine kwenye mwanga mzuri husaidia. Daktari aliyejiandaa hudunga hialuronidazi kwa wingi, tena na tena, hadi damu ipite. Tatizo lile lile likitokea kwa PMMA, hana cha kuyeyushia. Atatumia vitu vya joto, dawa za kulegeza mishipa na matumaini, na ngozi inaweza kufa na kuacha kovu.

Mengine ya fila ya muda ni madogo kulinganisha na hilo: michubuko, uvimbe wa siku chache, rangi ya bluu inayoonekana chini ya ngozi pale jeli ilipowekwa juu mno. Hata neno "muda" linahitaji tahadhari. Vipimo vya MRI vimeonyesha asidi ya hialuroniki ikiwa bado usoni miaka kadhaa baada ya sindano, muda mrefu kuliko wengi walivyoambiwa, na anayeongeza kila baada ya miezi sita bila kupimwa anaweza kuwa anarundika jeli juu ya jeli. Ndiyo sababu nasema kinachoipa fila hii usalama wake ni kuyeyushika kwake kuliko kuisha kwake.

Je, fila ya kudumu haina nafasi kabisa? Nadhani inayo, kwa wachache. Mtu mwenye makovu ya chunusi yaliyozama, ambayo hayatabadilika na hayana dalili ya kujaa yenyewe, yuko katika hali tofauti na anayetaka midomo minene. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao dawa za zamani ziliyamaliza mafuta ya mashavu yao, kiasi kwamba hali yao ilisomeka usoni na watu wakawanyanyapaa, wamenufaika na fila, na nchini Brazil PMMA imetumika kwa ajili hiyo katika huduma za afya za umma. Mwenye hali hiyo akikaa na daktari bingwa, akaelezwa yote niliyoyaandika hapa na mengine nisiyoyajua, kisha akachagua ya kudumu, namheshimu uamuzi wake. Anayenihuzunisha ni yule anayechaguliwa ya kudumu na muuzaji kwa sababu ya kuokoa gharama za kurudia.

Kwa anayekwenda kudungwa, ya aina yoyote, yapo mambo ambayo ningemsihi ayasimamie bila kuona haya. Aione bidhaa ikiwa imefungwa, ifunguliwe mbele yake, na aondoke na kibandiko chenye jina na namba ya toleo, akakihifadhi pamoja na vyeti vyake. Aulize kama hialuronidazi ipo chumbani humo, si kwamba itaagizwa. Aulize anayedunga ni nani kitaaluma, na nani atapokea simu usiku. Kalamu zinazosukuma fila kwa mgandamizo wa hewa bila sindano aziepuke kabisa. FDA ilizionya hadharani mwezi Oktoba 2021, kwa kuwa haiwezekani kujua fila inaishia wapi. Akipata maumivu makali, ukungu wa macho au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura ya dakika hizo hizo, wala asisubiri kesho.

Na kwa aliyekwisha kudungwa ya kudumu, hakuna haja ya hofu wala ya kukimbilia kuitoa kama haimsumbui. Wengi hukaa nayo salama. Asiikande wala kuiminya, asikubali kuongezwa fila nyingine juu yake bila daktari kujua kilichopo chini, na amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino au kufanyiwa kazi kubwa kinywani. Kama hajui alidungwa nini, ultrasaundi ya ngozi mikononi mwa mtaalamu aliyeizoea husaidia kubashiri aina ya fila, na ni vyema ifanywe kabla ya tatizo kuliko baada yake. Kama alidungwa kiasi kikubwa mwilini, aombe kipimo cha kalisi katika damu pamoja na cha figo, na amtajie daktari sababu ya kuomba vipimo hivyo.